Goniopora yangu imejifunga na nyama inaachia mfupa: je, bado inaweza kuokolewa?

Kwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka South B, Nairobi. Ninafuga samaki wa maji ya chumvi katika tangi la lita 150 lililoko sebuleni, nililolianzisha mwishoni mwa mwezi Machi kwa mawe makavu, mchanga, na maji ninayoyachanganya na chumvi ya dukani. Samaki wangu ni wawili tu, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na tangu waingie hawajaugua. Mwezi Juni nilinunua tumbawe la Goniopora la rangi ya kijani kutoka kwa muuzaji wa hapa mjini, ambaye alinihakikishia kwamba ni tumbawe linalomfaa mtu anayeanza. Siku za kwanza lilichanua vizuri sana, polipu zake (vile vimwili vidogo vyenye mdomo na mikono) zikirefuka kama kidole na kuyumba na mkondo wa maji, na binti yetu alikuwa akiketi mbele ya kioo hadi wakati wa kulala.

Sasa ni Julai na mambo yamebadilika. Polipu zinatoka nusu tu saa za adhuhuri, kisha zinarudi ndani. Upande mmoja, chini, nyama imeanza kuachia na mfupa mweupe unaonekana, upana wa ukucha wa kidole gumba. Nimejitahidi kadiri nilivyoweza. Ninabadilisha nusu ya maji mara mbili kwa wiki, kwa kutumia maji ya mitungi ya lita 20 kutoka duka la maji yaliyochujwa. Nimelipandisha tumbawe juu ya jiwe ili lipate mwanga zaidi, na taa nimeiweka kwenye nguvu yake yote kwa saa 12. Samaki wangu wamelipenda mno, wanalala ndani yake na kujisugua humo mchana kutwa.

Vipimo vyangu ni hivi: naitreti 0, fosfeti 0, uzito wa chumvi 1.025. Joto huwa nyuzi 22 alfajiri na 26 jioni, na hita yangu ni ya wati 50. Alikalini ilikuwa 7.8 Jumapili, baada ya kubadilisha maji Jumatano ikawa 9.7, Jumamosi nikabadilisha tena ikawa 10.6, na Jumatano iliyofuata ikawa 9.3. Huenda ikafaa ujue kwamba chumvi niliyoanza nayo iliadimika madukani, kwa hiyo nilinunua ya kampuni nyingine, kisha ile ya kwanza ikapatikana tena.

Baba Zawadi anasema tunachoma pesa na umeme bure. Shemeji yangu anayeishi Mtwapa amejitolea kunikatia kipande cha tumbawe baharini na kunitumia kwa basi la usiku kikiwa ndani ya ndoo, ili nianze upya. Je, niendelee na hili nililo nalo, au nikubali hicho kipande?

Mama Zawadi, South B

*

Mama Zawadi,

Asante kwa barua yako, na hasa kwa vipimo ulivyoviambatisha, kwa sababu bila hivyo ningelazimika kubahatisha. Nianze na jibu lenyewe. Tumbawe lako halijafa na linaweza kupona, ingawa siwezi kukuahidi. Halidhoofiki kwa kukosa huduma. Linadhoofika kwa sababu maji yake yanabadilika haraka kuliko mwili wake unavyoweza kufuata, ndani ya tangi ambalo bado ni changa mno kwa mnyama wa aina hii. Kipande cha shemeji usikikubali, na nitakueleza sababu baadaye.

Aliyekuuzia hakukwambia ukweli. Goniopora imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa matumbawe magumu kufugwa nyumbani. Huchanua kwa wiki au miezi, mwenye nalo akaamini kwamba mambo ni mazuri, kumbe linatumia akiba yake ya mwili polepole hadi linapoanza kusinyaa. Yale ya kijani yanayokaa yakiwa huru mchangani ndiyo yanayosumbua zaidi. Yale mekundu na ya waridi, hasa yaliyokuzwa na wafugaji kutokana na vipande, huvumilia vizuri zaidi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba limekushinda. Wafugaji wazoefu wamepoteza mengi ya aina hiyo.

Tuje kwenye alikalini, maana hapo ndipo barua yako imesema mengi kuliko ulivyodhani. Alikalini ni akiba ya baikaboneti iliyomo ndani ya maji, ambayo tumbawe huitumia kujengea mfupa wake na ambayo huzuia maji yasigeuke kuwa na asidi. Chukua tarakimu zako mwenyewe: maji yalikuwa 7.8, ukaondoa nusu na kuweka mapya, yakawa 9.7. Hilo linawezekana tu ikiwa maji mapya yalikuwa na takriban 11.5. Jumamosi ukaweka nusu nyingine ya chumvi ile ile, na hesabu inaleta 10.6, sawasawa na ulivyopima. Jumatano iliyofuata ukarudia chumvi yako ya kwanza, ambayo inaelekea kutoa 8, na vipimo vikashuka hadi 9.3. Vipimo vyako vilikuwa sahihi na mkono wako ulikuwa mwangalifu. Tatizo ni kwamba chumvi mbili ulizozitumia zimetengenezwa kwa viwango tofauti kabisa, na kila ulipobadilisha maji ili kulisaidia tumbawe ulikuwa ukiupiga mwili wake kwa mshtuko mpya. Wafugaji wengi hujitahidi alikalini isipande wala kushuka zaidi ya nusu digrii, yaani 0.5 kwenye kipimo chako cha alikalini, kwa siku. Tumbawe linaweza kuishi kwenye 8 na linaweza kuishi kwenye 10, lakini haliwezi kurushwa huku na huko kati ya hizo mbili kila baada ya siku tatu.

Kwa hiyo acha kabisa kubadilisha nusu ya maji. Chagua chumvi moja, ile inayotoa 8, na ununue ya kutosha miezi kadhaa pindi inapopatikana, kwa kuwa sote tunajua jinsi bidhaa hizi zinavyoadimika hapa Nairobi. Badilisha lita 15 tu mara moja kwa wiki. Maji hayo mapya yachanganywe kwenye ndoo yenye pampu ndogo usiku kucha, yapashwe hadi joto la tangi, kisha yapimwe alikalini na uzito wa chumvi kabla hayajamwagwa. Kwa njia hiyo ile 9.3 itateremka taratibu yenyewe, nawe hutahitaji kutia unga wowote wa kuipandisha wala kuishusha. Na maji yanayopungua kwa kukauka yafidiwe kwa maji matamu yasiyo na chumvi, kidogo kila siku, kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake na chumvi hubaki.

Kuhusu maji ya mitungi, umefanya vyema kuepuka mfereji, ambao maji yake yana klorini, na umefanya vyema zaidi kuepuka visima vya kuchimbwa, ambavyo vingi hapa Nairobi vina floridi nyingi. Hata hivyo, maduka ya maji hayalingani. Kuna yanayobadilisha vichujio kwa wakati na kuna yanayovitumia hadi vichoke, na mengine hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Nunua kalamu ya kupimia madini yaliyoyeyuka, si ghali, uichovye ndani ya mtungi kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 10, chukua. Ikisoma 50, tafuta duka jingine, hata kama mwenye duka atakuapia kwamba maji yake ni safi kwa kunywa. Huenda anasema kweli, lakini tumbawe halihitaji maji ya kunywa.

Joto ndilo jambo la pili, na Nairobi hii ya Julai hutufundisha sisi wafugaji adabu. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta hatuhitaji hita ya nguvu. Lakini jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nyumba zetu hazina vipasha joto, na alfajiri ya mwezi huu sebule inaweza kuwa na nyuzi 17 au 18. Hita ya wati 50 katika lita 150 haiwezi kuinua maji zaidi ya nyuzi chache juu ya joto la chumba, na ndiyo maana unasoma 22 asubuhi. Kisha taa inayowaka kwa nguvu zote saa 12, pamoja na joto la mchana, inayapeleka hadi 26. Nunua hita mbili za wati 100 kila moja badala ya moja ya wati 200: moja ikiharibika, nyingine itashikilia, na moja ikigoma kuzima haitakuwa na nguvu ya kuwapika samaki wako. Lenga nyuzi 25 usiku na mchana. Mwambie Baba Zawadi kwamba hita kubwa haili umeme kwa kiwango cha ukubwa wake, kwa sababu hujizima maji yanapofika kiwango kilichowekwa. Na ukibandika kipande cha stairofomu nyuma ya tangi na pembeni, itawaka kwa muda mfupi zaidi.

Sasa samaki. Uliandika kwamba wamelipenda tumbawe, na naelewa furaha ya mtoto anapowaona wamejilaza humo. Baharini samaki hao huishi ndani ya anemoni, na wasipoipata huchagua chochote chenye mikono mirefu inayofanana nayo. Anemoni ina mwili mnene unaostahimili kusuguliwa. Goniopora ina nyama nyembamba sana iliyotandazwa juu ya mfupa mkali, na polipu inayoguswa hurudi ndani. Ikirudi ndani mchana kutwa haipati mwanga wala chakula. Hata ukirekebisha mengine yote, samaki hao wakiendelea kujisugua humo, tumbawe halitapona. Likinge kwa kikapu cha plastiki chenye matundu makubwa, kile cha kuwekea matunda, ukikigeuza kifuniko juu yake kwa wiki kadhaa. Hakipendezi machoni, lakini maji yatapita, mwanga utapita, na samaki watatafuta kona nyingine ya kulala.

Wakati huo huo literemshe kutoka juu ya jiwe. Aina hiyo ya kijani huishi kwenye sakafu laini ya mchanga, mahali penye mwanga wa wastani, na mfupa wake haujashikamana na mwamba. Liweke mchangani, upande ule wenye jeraha ukiwa huru bila kugusa jiwe, na pampu isilipulizie moja kwa moja. Mkondo unaofaa ni ule unaozifanya polipu ziyumbe huku na huku bila kulala upande mmoja. Taa irudishe kwenye saa 9 kwa siku, na nguvu yake uipunguze hadi kama nusu. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ambao hulipatia sukari kwa kutumia mwanga, nao huchoka mwanga unapozidi ghafla, na tumbawe likiutema hubaki jeupe na lenye njaa.

Nikitaja njaa, naja kwenye zile sifuri zako mbili. Najua zilikupa moyo, maana mtu anayeanza huambiwa kwamba maji mazuri ni yale yasiyo na uchafu. Kwa samaki ni sawa. Kwa tumbawe hili, naitreti 0 pamoja na fosfeti 0 ni njaa, kwa sababu mwani ule wa ndani unahitaji nitrojeni na fosforasi kidogo. Naitreti kati ya 5 na 10, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, zitalifaa. Ukipunguza kubadilisha maji na kuwalisha samaki vizuri kidogo, tarakimu hizo zitapanda zenyewe. Goniopora vilevile inahitaji kula zaidi ya matumbawe mengi yenye mfupa, na chakula chake ni chembe ndogo sana, unga wa planktoni au rotifa (vijidudu vidogo mno vya majini) waliogandishwa, si vipande vya kamba wa baharini. Mara tatu kwa wiki, koroga unga kidogo ndani ya kikombe cha maji ya tangi, zima pampu kwa dakika 10, kisha tumia bomba la sindano lisilo na sindano kuutiririsha taratibu juu ya polipu zilizochomoza. Kila polipu ina mikono 24 kuzunguka mdomo wake. Ukitazama kwa karibu utaiona ikijikunja kuelekea katikati pale chembe inapogusa, na hiyo ni dalili njema kuliko kipimo chochote. Polipu zikiwa zimejifunga usimwage chakula, maana kitaoza tu.

Fanya hivyo asubuhi, wala si usiku, na hapa niombe uvumilivu wako kidogo kwa sababu jambo hili halitajwi sana na linatuhusu sisi tunaofuga bahari mlimani. Kwa sababu ya kimo cha Nairobi, hewa inayosukuma oksijeni kuingia majini ni hafifu kuliko ya pwani, na maji ya chumvi yenye nyuzi 26 hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa. Usiku, mwani unapoacha kutengeneza oksijeni na kila kiumbe kinaitumia, upungufu huo huonekana, na chakula kinachooza majini huuzidisha. Umeme ukipotea usiku, na sote tunajua unavyopotea, tangi lako lina muda mfupi wa usalama kuliko vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani vinavyodai. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uvurugike wakati wote, usilifunike tangi kwa kioo kizima, na ununue pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika. Kama una kiasi cha kununua kitu kimoja tu mwezi huu baada ya hita, nunua hiyo.

Lile jeraha jeupe litazame kwa makini jioni hii. Ikiwa ukingo wa nyama ni safi, mfupa ni mweupe na hakuna utelezi, ni nyama inayorudi nyuma kwa sababu ya msongo, na itasimama maji yakitulia. Mwani wa kijani utaota juu ya ule mfupa, na hilo si tatizo mradi hausogei juu ya nyama hai. Lakini ukiona ute wa kahawia kama uji mzito unaopeperuka maji yanapoguswa, na ukiutoa unanuka kuoza, huo ni ugonjwa unaoweza kulimaliza tumbawe kwa siku mbili au tatu na kuambukiza mengine. Hapo zima pampu, uufyonze ute wote kwa mrija mwembamba hadi nje ya tangi bila kuuruhusu usambae, kisha lioshe tumbawe ndani ya bakuli la maji ya tangi lenye dawa ya matumbawe ya iodini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya bakuli yamwagwe, yasirudi tangini.

Kuhusu shemeji wa Mtwapa, najua amejitolea kwa upendo, na naomba umjibu kwa upendo pia, lakini umjibu hapana. Kukata tumbawe baharini bila kibali ni kosa kisheria hapa Kenya, na matumbawe yote yenye mfupa mgumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hata yanayoletwa kutoka nje ya nchi yanapaswa kuja na hati. Hilo muulize pia yule aliyekuuzia hili la kwanza: muuzaji wa haki atakuonyesha karatasi bila kununa. Zaidi ya sheria kuna mwamba wenyewe. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na mengine yamepauka tena katika miaka iliyofuata. Kinachoendelea kukua pale kinawalisha wavuvi wa Mtwapa na kuzuia mawimbi yasile ufuo wao. Kipande kile, baada ya kusafiri usiku kucha ndani ya ndoo inayopoa, kingefika South B kikiwa nusu mfu, na kingeingia katika tangi lile lile lenye matatizo yale yale. Hilo siwezi kulikubali hata kidogo.

Ipo njia nyingine ambayo si aibu kuichukua. Ikiwa unamfahamu mfugaji hapa jijini mwenye tangi lililotulia kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwombe akutunzie tumbawe hilo hadi lako lipevuke. Lisafirishe ndani ya mfuko wenye maji mengi na nafasi ya hewa, ukiuweka katika kisanduku cha kuhifadhi joto, na polipu ziwe zimerudi ndani kabla ya kulibeba ili zisichanike. Wakati huo unaweza kujizoeza na matumbawe laini, kama vile uyoga wa bahari au matumbawe ya ngozi, yaliyokatwa kutoka kwa mfugaji mwingine, ambayo husamehe makosa mengi. Zoanthus, viumbe laini wa jamii iliyo karibu na matumbawe wanaofanana na maua madogo, nazo ni rahisi kufuga, ila baadhi ya jamaa zake zina sumu kali sana. Kwa kuwa nyumbani kuna mtoto, ningependa uziache kwanza.

Usifanye haya yote kwa siku moja. Leo weka kikapu, literemshe tumbawe na upunguze taa; wiki hii nunua hita; ulishaji uanze pale polipu zitakapochomoza tena. Pima alikalini kila jioni na joto asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari. Uniandikie baada ya mwezi ukiwa na tarakimu hizo, hata kama tumbawe litakuwa limekufa, kwa sababu bila hizo sitaweza kukwambia kama tangi lako liko tayari kupokea jingine.